Kabla Hujaamini Nyota Tano

Chukua mfugaji mwenye vifaranga mia mbili wa wiki tatu. Asubuhi amekuta kumi wamejikunyata pembeni, mabawa yamelegea, na kinyesi chao kina damu. Daktari wa mifugo hapokei simu. Mfugaji anapiga picha na kuituma kwenye kundi la wafuga kuku lenye wanachama maelfu. Hadi saa sita mchana ana majibu arobaini. Lililo juu kabisa lina laiki mia moja na ushee: hiyo ni kideri, mkuu, wape maji ya mwarobaini na pilipili, watapona. Chini kabisa, likiwa na laiki nne, kuna jibu la mtu anayeuliza: wana umri gani, walichanjwa nini, matandiko ya banda ni makavu au yamelowa?

Aliyeuliza ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Kideri ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Kinga yake ni chanjo, tena inayotolewa kabla ugonjwa haujaingia bandani. Kinyesi chenye damu kwa vifaranga wa umri huo kinaelekeza kwanza kwenye koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumboni unaostawi kwenye matandiko yenye unyevu, na huo una dawa zake kwenye maduka ya mifugo. Mfugaji akizifuata laiki atapoteza siku mbili, na kwa vifaranga siku mbili ni nyingi mno.

Ninaandika kwa ajili ya mfugaji huyo, na kwa mama anayeuliza habari za homa ya mwanawe saa nane za usiku, na kwa kijana anayejifunza kompyuta peke yake kwa bando la kujinyima. Wote wanawauliza watu wasiowajua, na kitu cha pekee cha kushika ni alama zilizo kando ya jina: nyota, laiki, pointi, cheo. Alama hizo zina maana, ila maana yake haifanani kila mahali. Naomba msomaji azoee kuuliza swali moja kila anapoziona: kura hii imemgharimu nini aliyeipiga?

Laiki za kwenye kundi lile la kuku hazikumgharimu mtu kitu. Aliyebonyeza huenda hajawahi kufuga hata jogoo mmoja. Alibonyeza kwa kuwa jibu lilikuwa fupi, lilijiamini, na lilitaja mwarobaini, mti ambao sote tumekua tukisikia sifa zake. Hakuna aliyerudi baada ya wiki kueleza kama vifaranga walipona au walikufa. Alama ya namna hiyo inakuambia kwamba watu walilipenda jibu walipolisoma, basi.

Waliojenga masoko na mabaraza ya mwanzo ya mtandaoni waligongana na tatizo hili mapema. Pierre Omidyar alifungua eBay huko California mwaka 1995, soko ambalo mtu anamtumia fedha mwenzake asiyemjua akitumaini mzigo utafika. Mwaka 1996 akaweka utaratibu wa kila upande kuuachia mwenzake neno la sifa, la lawama au la katikati, na jumla ikakaa kando ya jina. Mwanzoni uliweza kumsifu yeyote. Baadaye alama zikafungwa kwenye mauzo yaliyofanyika kweli. Hapo ndipo zilipopata uzito, maana sasa anayesifu ametoa kwanza fedha yake mfukoni.

Uzito huo umewahi kupimwa. Mtafiti Paul Resnick na wenzake walishirikiana na muuzaji mmoja mwenye jina zuri eBay, wakamwomba auze postikadi za zamani zinazolingana, nyingine kwa akaunti yake iliyozoeleka, nyingine kwa akaunti mpya zisizo na historia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wanunuzi walilipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina lililozoeleka. Aliyefunga vifurushi vyote ni yuleyule.

Hata hivyo mfumo huo ulikuwa na ufa. Kwa kuwa pande zote mbili zilipeana alama, mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu aliogopa kulalamika asije akalipiziwa. Mwaka 2008 kampuni ikawazuia wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya. Likumbuke hilo kila unapokuta alama za juu mahali pote, na jiulize kama wapiga kura walikuwa na sababu ya kuogopa au kuona haya. Abiria wa teksi ya programu anajua kwamba dereva akishuka chini ya wastani fulani anaweza kufungiwa kazi, na dereva huyo ana watoto. Anampa tano hata kama aliendesha huku anaongea na simu njia nzima. Kwa hiyo 4.6 ya dereva na 4.6 ya kitabu ni vitu viwili. Ya kitabu ni sifa. Ya dereva mara nyingi ni dalili kwamba abiria kadhaa walishindwa kuvumilia.

Kati ya mifumo ya zamani, ninaouheshimu zaidi ni wa Slashdot, baraza la habari za teknolojia lililoanzishwa na Rob Malda nchini Marekani mwaka 1997. Pale kura hazikuwa za kila mtu kila saa. Mfumo uliwateua wasomaji wa kawaida wenye rekodi njema, ukampa kila mmoja pointi tano, na asipozitumia ndani ya siku tatu zilifutika. Mwenye pointi tano hazimwagi ovyo. Tena hakuruhusiwa kupiga kura kwenye mjadala aliouchangia mwenyewe, na alipopiga alitakiwa ataje sababu: maoni haya yana taarifa, haya yana utambuzi, haya yanachekesha, haya ni uchokozi. Maoni yalipimwa kuanzia hasi moja hadi tano, na hapo ndipo mwisho. Hakuna maoni yaliyofikisha elfu.

Walifanya pia mambo mawili ambayo natamani yangeigwa na kila jukwaa letu. Walipoona watu wanakimbizana na jumla ya sifa zao, waliiondoa namba machoni na kuweka maneno, kuanzia mbaya hadi bora kabisa. Halafu wakaamua kwamba kura ya kuchekesha iyainue maoni yenyewe lakini isimwongezee mwandishi sifa. Hebu fikiria utaratibu huo kwenye makundi tuliyomo. Mcheshi angefurahiwa kama anavyofurahiwa leo, ila vichekesho vyake visingempa sauti kubwa siku anapozungumzia dozi ya dawa ya mtoto.

Stack Overflow, iliyofunguliwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, iliigeuza sifa kuwa ruhusa. Jibu lako likipigiwa kura ya juu unapata pointi 10. Muulizaji akilikubali kwamba ndilo lililomsaidia, unapata 15. Likipigiwa kura ya chini unapoteza 2, na hapa ipo kanuni ambayo wageni wengi hawaioni: anayelipigia jibu kura ya chini naye anapoteza pointi 1 ya kwake. Kusema "jibu hili ni baya" kuna bei. Kwa miaka mingi mgeni hakuweza kupiga kura ya juu kabla ya kufikisha pointi 15, wala ya chini kabla ya 125, wala kuhariri maandishi ya wenzake bila idhini kabla ya 2,000. Na kura za siku moja haziwezi kukupa zaidi ya pointi 200, hata uwe maarufu vipi. Jon Skeet, mhandisi wa Uingereza, alikuwa wa kwanza kuvuka milioni moja, mwaka 2018. Kwa ukomo kama huo, namba yake haiwezi kuwa zao la jibu moja lililosambaa. Ni miaka ya kukaa na matatizo ya watu wengine, siku baada ya siku.

Ukija kwetu, JamiiForums, ambayo Maxence Melo na Mike Mushi waliianzisha Tanzania mwaka 2006, inaonyesha kando ya jina la mchangiaji tarehe aliyojiunga, idadi ya machapisho yake na jumla ya alama alizopewa na wenzake, pamoja na cheo kama "JF-Expert Member". Watu wengi husoma cheo hicho kama cheti. Kinachokuonyesha ni kwamba mtu huyu yupo, ameandika mengi, na wenzake wameitikia. Hizo si habari ndogo, maana tapeli wa juzi hana miaka kumi ya machapisho. Lakini mtu anaweza kuwa amechuma laiki zake zote kwenye siasa au kule MMU, kwenye mahusiano na mapenzi, kisha leo akaingia JF Doctor, kwenye mambo ya afya, na cheo kilekile kumshauri mwenye shinikizo la damu. Sifa haihami pamoja na mwenye nayo kutoka jukwaa hadi jukwaa. Kwa hiyo kabla ya kufuata ushauri mzito, bonyeza jina, pitia alichoandika kuhusu jambo hilohilo, na utazame wanaojua jambo hilo walimjibu nini. Kazi hiyo inachukua dakika tano. Sijui dakika tano nyingine zenye faida kuliko hizo.

Tazama na tarehe. Kura hujilimbikiza, hazijui kwamba dunia imebadilika. Jibu la mwaka 2014 lenye kura mia nane lilipata muda wa kuzikusanya, na la mwezi uliopita lenye kura sita huenda ndilo sahihi leo. Stack Overflow yenyewe iliona hivyo, na mwaka 2021 ikaacha kulibandika juu ya mengine jibu lililokubaliwa na muulizaji, maana yalikuwepo majibu yaliyokubaliwa zamani ambayo yamepitwa na wakati. Kwa mambo yanayogeuka haraka, kama tozo za kutuma fedha, ushuru wa gari bandarini, masharti ya viza au mipangilio ya simu, anza na jipya kabla ya lenye kura nyingi. Kwa mambo yasiyogeuka, kama namna ya kutafuta kipeuo cha pili au kuunga bomba lililopasuka, la zamani lenye kura nyingi linakufaa.

Lipo tatizo jingine la wakati, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Anayejibu kwanza husomwa kwanza, na anayesomwa kwanza hupigiwa kura kwanza, kisha kura hizo huwaita nyingine. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walilipima hilo katika jaribio lililochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2013. Kwenye tovuti moja ya habari walichukua maoni 101,281 na, bila kutazama ubora wake, wakayapa baadhi kura moja ya juu mara tu yalipochapishwa. Kura hiyo moja ya bandia ilimfanya msomaji aliyefuata awe na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32, wa kupiga naye kura ya juu, na mwisho wa yote maoni hayo yakawa na alama za juu kwa asilimia 25 kwa wastani. Cha kushangaza, yaliyopewa kura ya chini hayakuzama vivyo hivyo. Wasomaji waliofuata waliyarudisha juu. Tuna wepesi wa kupandisha pamoja kuliko wepesi wa kushusha pamoja. Kwa msomaji, maana yake ni kwamba kati ya jibu lenye laiki mia na lenye laiki sabini huenda hakuna tofauti yoyote ila nani alitangulia kuandika. Usichague kwa pengo la namna hiyo. Yasome yote mawili.

Umati una tabia nyingine tena: unaona ni cha msaada kile kinachokubaliana nao. Mwaka 2009 Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na wenzake walichunguza mamilioni ya maoni ya wasomaji wa vitabu kwenye Amazon, pale ambapo chini ya kila maoni wasomaji waliulizwa kama yamewasaidia. Waligundua kwamba kadiri nyota alizotoa mwandishi zilivyokuwa mbali na wastani, ndivyo maoni yake yalivyohesabiwa kuwa na msaada mdogo. Ili kuhakikisha kwamba sababu si uandishi mbaya, walitafuta maoni yaliyonakiliwa karibu neno kwa neno na kuwekwa kwenye bidhaa tofauti. Maneno ni yaleyale, lakini yaliyokuwa karibu na wastani wa bidhaa yake yalisifiwa zaidi. Ndiyo maana ninashauri jambo ambalo wengi hawalifanyi: ukitaka kununua kitu cha bei, soma kwanza maoni ya nyota mbili na tatu. Walioyaandika wamekubali kuonekana hawana msaada ili wakueleze kwamba mlango wa friji unalegea baada ya mwezi wa nne.

Namba ndogo nazo zitakudanganya usipokuwa macho. Duka moja lina nyota tano kamili kutoka kwa watu watatu, jingine limesifiwa na watu 90 kati ya 100. Macho yanakimbilia lenye tano kamili. Mwaka 1927 Edwin Wilson, mtakwimu wa Marekani, aliandika kanuni ya kukadiria ukweli kutokana na sampuli ndogo, na tovuti ya Reddit ilianza mwaka 2009 kuitumia kupanga maoni ya wachangiaji wake. Kanuni hiyo inauliza: kwa ushahidi tulio nao, kiwango cha chini tunachoweza kukiamini ni kipi? Ukiifanyia hesabu kwa kipimo cha uhakika wa asilimia 95, duka la watu watatu linaishia kama asilimia 44, na la watu 90 kati ya 100 linafika asilimia 83. Huna haja ya kukariri hesabu. Ukiona alama kamili, tafuta idadi ya wapiga kura. Ikiwa chini ya kumi, ichukulie kwamba bado haijasema kitu, iwe sifa au lawama. Nasema na lawama kwa makusudi, kwa sababu mama lishe anayeanza kupokea oda kwa simu anaweza kuuawa biashara yake na nyota moja ya mteja aliyechelewa mwenyewe kuipokea pilau.

Nimezungumzia makosa ya watu wenye nia njema. Sasa nije kwa wenye nia mbaya. Mwaka 2017 mwandishi wa habari Oobah Butler, ambaye huko nyuma alikuwa akilipwa kuandika sifa za uongo za migahawa, aliamua kuusajili kwenye TripAdvisor mgahawa usiokuwepo. Anwani ilikuwa kibanda cha uani alikokuwa akiishi, mtaa wa Dulwich, London, naye akauita The Shed at Dulwich. Picha za vyakula alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea ndevu na rangi. Alianza nafasi ya 18,149, kati ya migahawa yote ya jiji. Marafiki zake wakaandika sifa, kila mmoja kwa akaunti yake. Watu walipopiga simu kutaka meza aliwaambia zimejaa, jambo lililowazidishia hamu. Mwanzoni mwa Novemba mgahawa ambao haujawahi kupika hata yai ulikuwa nambari moja London. Kila sifa iliandikwa bure na mtu ambaye hakuhitaji kuthibitisha kwamba amekula.

Hapa Afrika Mashariki sehemu kubwa ya biashara ya mtandaoni inapita Instagram na WhatsApp, ambako nyota hazipo kabisa. Badala yake kuna idadi ya wafuasi, na zile picha za skrini za wateja: mzigo nimepokea dada, asante sana, Mungu akubariki. Wafuasi hununuliwa. Mazungumzo ya aina hiyo yanaweza kutungwa na mtu mmoja mwenye simu mbili katika muda wa kunywa chai. Muuzaji mwaminifu hutumia picha hizohizo, kwa hiyo sikushauri uzidharau, nakushauri usizihesabu. Mwambie muuzaji akupe njia ya kulipa baada ya kuuona mzigo. Sharti hilo linamgharimu kidogo mwaminifu, na linamgharimu kila kitu tapeli. Marekani ilianza Oktoba 2024 kutumia kanuni inayokataza kuuza na kununua maoni ya uongo ya wateja, hata wafuasi wa bandia wanaotumika kibiashara, na Uingereza ikapiga marufuku maoni ya uongo kuanzia Aprili 2025. Sheria hizo hazitamfikia muuzaji wa viatu wa mtaani kwako, kwa hiyo ulinzi unabaki mikononi mwako.

Ipo pia hila ya subira. Mtu anauza vitu vya elfu tano, vifuniko vya simu na chaja, kwa miezi mingi, kwa uaminifu kamili. Sifa zinapanda, na ni za kweli. Siku moja anatangaza simu za laki nane kwa bei ya chini, anakusanya malipo ya watu ishirini, anapotea. Kila aliyemsifu alisema kweli. Ukiona muuzaji ameruka ghafla kutoka bidhaa ndogo kwenda kubwa, zisome sifa zake kama sifa za chaja tu. Hali kadhalika akaunti ya miaka mingi iliyokaa kimya kisha ikaamka na kuanza kutangaza uwekezaji: huenda mwenyewe ameiuza, au ameibiwa.

Na wewe unayetaka kujenga jina? Ni jambo jema kulitaka, usione haya. Jukwaa lisilo na watu wanaotafuta sifa halina majibu. Lakini ukitaka sifa itakayodumu, acha kushindana kuwa wa kwanza kujibu. Jibu lenye ujuzi huanza mara nyingi na swali, kama alivyofanya yule wa laiki nne, na kuuliza kunakuchelewesha. Sema umejuaje unachokisema: nimefanya mwenyewe, nimesoma kwenye maelezo ya kiwanda, au nimesikia tu. Weka masharti ya jibu lako, yaani linafaa wapi na lini, kwa sababu kinachofaa Mbeya kwenye baridi kinaweza kuharibika Tanga kwenye joto. Ukijua jibu lako la zamani limepitwa, rudi uliandike upya, na useme kwamba umelibadilisha. Anayelifungua leo hana njia nyingine ya kujua. Uzi wa miaka mitatu ambao hakuna aliyeujibu unastahili muda wako kuliko uzi wa leo wenye majibu sitini, maana kila siku yuko mtu anayeufikia kwa kutafuta, anausoma mpaka mwisho, na anaondoka mikono mitupu. Huyo hatakupa laiki usiku huohuo. Atakuja mwakani, na mwingine baada yake.

Usijibu usichokijua kwa kuogopa kukaa kimya. Kwenye mambo ya afya naliomba hili kwa nguvu zote nilizo nazo. Laiki hazijawahi kupima homa ya mtu. Mama akiuliza dozi ya mtoto, jibu lenye heshima ni kumuuliza uzito na umri wa mtoto, kumtajia dalili za hatari, na kumwelekeza zahanati, hata kama jibu hilo litakaa chini ya mengine yote.

Kura zako nazo ni kazi. Zitoe kwa kile unachoweza kukipima. Ukipenda maneno ya mtu juu ya injini na wewe hujui injini, msome, umshukuru kwa neno, uiache kura. Ukikuta majibu mawili ya juu yamejaa laiki, teremka hadi chini. Kura yako huko ina uzito mara kumi. Ukipinga, andika kwa nini, hata kwa mstari mmoja, ili aliyekosea ajue pa kurekebisha na msomaji ajue pa kujihadhari. Na ukisaidiwa, rudi. Aliyeuliza kwa nini pikipiki yake inazima ikipata moto, akaambiwa asafishe kabureta na abadili plagi, arudi kuandika alifanya kipi, kipi kilisaidia, na baada ya muda gani. Ujumbe huo mmoja umegharimu plagi, petroli na jasho, na unazidi laiki mia za waliopita njia.

Kama wewe ni msimamizi wa kundi, una uwezo ambao wanachama hawana. Zima zile beji za mchangiaji mkuu ikiwa mpangilio unaruhusu, kwa kuwa zinapima wingi wa maneno. Waombe wanaouza dawa, mbegu au mikopo watangaze biashara yao kabla ya kushauri, na asiyetangaza aondolewe mara ya kwanza, bila kungoja mara ya tatu. Bandika juu majibu machache yaliyothibitishwa na watu waliorudi na matokeo, kila moja likiwa na tarehe, na uyapitie kila baada ya miezi sita, lililozeeka litoe. Kisha watafute wale watu watatu au wanne wanaouliza maswali mazuri wakati wengine wanakimbilia kujibu, uwaombe wakusaidie kulisimamia kundi.